Usikubali Kuchezwa: Jinsi ya Kulinda Laini, M-Pesa na Kompyuta ya Kazi Ukiwa Masimba

Hebu piga hesabu hii. Ni mwezi wa 10, bonasi ya majani chai imeingia, na mathee wako sokoni Masimba akiuliza bei ya mabati. Simu inalia. Sauti ni ya kijana mpole, Kiswahili safi, adabu mingi: “Shikamoo mama, naongea kutoka ofisi ya huduma kwa wateja. Laini yako iko karibu kufungwa kwa sababu haijasajiliwa vizuri. Usikate simu, nikusaidie sasa hivi.” Anamtaja mathee jina lake lote matatu. Anataja hadi namba ya kitambulisho. Mathee anaona huyu lazima ni mtu wa ofisi, kwani angejuaje?

Dakika 10 baadaye network imepotea. Nusu saa baadaye bonasi imeenda, Fuliza imechukuliwa hadi mwisho, na kuna mkopo umeombwa kwa jina lake. Mabati imekuwa story.

Kama unaishi Masimba, Keroka, Ichuni, Gesusu ama Kiamokama, hii kitu si ya kusikia kwa redio pekee. Kila mtu hapa anajua mtu aliyechezwa hivi. Na wacha tuongee ukweli: kwa boma yenu, wewe kijana ndio fundi wa simu. Wewe ndio uliwekea buda WhatsApp, wewe ndio humtolea mathee picha zikijaa. Basi kazi ya kuwalinda pia ni yako. Soma hii hadi mwisho, halafu leo usiku ukae nao chini.

Hawa wasee ni nani, na wanajuaje jina lako?

Watu wengi wanadhani mwizi wa mtandao ni msee wa hoodie amekaa gizani na kompyuta 3. Zii. Mwizi anayekutafuta wewe ana kabambe, laini kadhaa na mdomo. Ukitoka Keroka ukashika barabara ya Sotik, ukapita Bomet, unafika Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok. Makachero wa DCI wamekamata washukiwa wa wizi wa kubadilisha laini huko mara nyingi sana, hadi jina la hiyo senta likawa kama jina la huo wizi wenyewe. Si haki kwa wakazi wa Mulot, wengi wao ni wakulima na wafanyabiashara kama wewe, lakini inakuonyesha kitu: huu wizi si wa ng'ambo. Uko safari ya matatu tu.

Majina na namba za vitambulisho wanatoa wapi? Kila mahali. Kwa kitabu cha mlinzi getini ulipoandika jina, ID na namba ya simu. Kwa fotokopi iliyoharibika ikatupwa nje ya saiba. Kwa grupu la WhatsApp la mchango ambapo mtu alituma picha ya kitambulisho. Kwa ujumbe wa “jaza hapa upate kazi” uliojaza ukiwa umeboeka. Kwa hivyo shika hii ya kwanza: mtu kujua jina lako na ID yako si ushahidi kwamba anatoka ofisini. Ni ushahidi kwamba amefanya homework.

Laini yako ndio ufunguo wa nyumba

M-Pesa ilianza Machi 2007. Siku hizo laini ilikuwa ya kupiga simu na kutuma pesa kidogo. Leo laini hiyo hiyo ndio inapokea ujumbe wa benki, ndio inafungua WhatsApp, ndio inarudisha paswadi ya Gmail, ndio inaingia eCitizen. Mwizi hahitaji simu yako mkononi. Anahitaji namba yako ihamie kwa kadi ya laini aliyo nayo yeye. Hiyo ndio kubadilisha laini, ile watu huita kuswapiwa.

Inaendaje? Huduma ya kubadilisha laini ni halali kabisa. Simu ikipotea, unaenda dukani, unatoa kitambulisho, unapewa kadi mpya yenye namba ile ile. Mwizi anatumia mlango huo huo. Anakusanya habari zako, halafu anadanganya wahudumu, ama anashirikiana na ajenti mchafu, ama anakupigia wewe mwenyewe akuongoze hatua kwa hatua umfungulie mlango. Kadi yake ikishika network, yako inakufa. Kuanzia hapo kila namba ya uthibitisho inaingia kwake. Anabadilisha PIN, anatoa pesa, halafu anaendelea: Fuliza, M-Shwari, programu ya benki. Ndio maana mtu mwenye shilingi 200 kwa simu bado anaweza kuibiwa maelfu. Wanaiba hadi pesa ambayo hujawahi kuwa nayo, na deni linabaki na jina lako.

Sasa dawa. Kama uko Safaricom, piga *100*100#. Hiyo inafunga laini yako isibadilishwe na ajenti yeyote wa mtaani. Ukitaka kubadilisha, lazima uende mwenyewe duka la Safaricom na kitambulisho. Ni kweli, siku simu ikipotea itabidi upande matatu hadi Kisii mjini. Lakini nauli ni rahisi kuliko bonasi.

Ya pili, piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba hujui, usinyamaze, iripoti. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikitumika kuiba, polisi watakuja kwa boma yenu kwanza.

Ya tatu, PIN ya M-Pesa isiwe mwaka wa kuzaliwa. Mwizi ana kitambulisho chako, na mwaka umeandikwa hapo. Hiyo ndio PIN ya kwanza atajaribu. Ya pili ni 1234.

Simu za “ofisi” na ujumbe wa uongo

Safaricom wamekuwa wakisema kila wakati kwamba wao wakikupigia wanatumia 0722 000 000. Namba nyingine yoyote ikisema ni Safaricom, kata. Na hata hiyo namba ikitokea kwa skrini, kanuni haibadiliki: hakuna mhudumu wa kweli anayeuliza PIN, anayekuambia ubonyeze namba fulani ukiwa bado kwa simu, ama anayekukataza kukata. Mtu wa ofisi hana haraka. Mwenye haraka ni mwizi, kwa sababu anajua ukikata na uulize mtu, mchezo umeisha.

Angalia mbinu zao, utaona zote zinafanana. Wanakushika kwa hofu ama kwa tamaa, halafu wanakunyima muda wa kufikiria:

“Mtoto wako ameanguka shuleni, tuma pesa ya hospitali sasa hivi.” Hofu. Kata, pigia shule kwa namba uliyo nayo tangu zamani, si ile uliyotumiwa.

“Umeshinda promosheni, tuma 500 ya usajili.” Tamaa. Mshindi halipi ili ashinde.

“Limit yako ya Hustler Fund imepandishwa, bonyeza linki.” Tamaa tena. Hustler Fund ilizinduliwa Novemba 30, 2022, na unaingia kwa *254#. Haihitaji linki ya mtu.

“Nimekutumia 3,500 kimakosa, tafadhali nirudishie, ni ya dawa ya mtoto.” Hii inagonga roho, na ndio maana inafanya kazi. Usitume kitu. Kwanza uangalie salio lako kwa menyu ya M-Pesa, si kwa ujumbe. Ujumbe wa kweli unatoka kwa jina MPESA, hautoki kwa namba ya kawaida. Na hata kama pesa imeingia kweli, mwambie huyo msee kwa upole atume ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 ili irudishwe kwa njia halali. Ukirudisha wewe mwenyewe halafu na yeye aombe irudishwe, umelipa mara mbili.

Kuna moja wengi hawajui. Mtu anakuambia upige **21* halafu namba fulani na alama ya reli, ati “kurekebisha network”. Hiyo inaelekeza simu zako zote kwake. Halafu anaomba WhatsApp itume namba ya uthibitisho kwa njia ya simu, na simu inalia kwake. Kama unashuku umefanya hivyo, piga ##002#. Inafuta uelekezaji wote. Jaribu hata sasa, haina hasara.

Ukipata ujumbe wa wizi kwa Safaricom, usifute kimya kimya. Utume kwa 333, ni bure. Dakika moja yako inaweza kuokoa mathee wa mtu mwingine.

WhatsApp: tarakimu 6 zinazouza urafiki wako

Rafiki anakuandikia: “Buda, nimetuma namba fulani kwako kimakosa, nitumie hizo tarakimu 6.” Unatuma. Baada ya dakika 2 umetupwa nje ya WhatsApp yako, na watu wa chama, kanisa na familia wanaanza kuombwa pesa kwa jina lako. “Niko na shida kidogo, nisaidie 2,000, nitakurudishia jioni.” Na wanatuma, kwa sababu wanakuamini. Huyo “rafiki” aliyekuandikia pia alikuwa ameibiwa akaunti. Ni kama homa, inaruka kutoka boma hadi boma.

Dawa ni dakika moja. Fungua WhatsApp, ingia kwa mipangilio, akaunti, halafu uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN ya tarakimu 6 na barua pepe yako. Kuanzia hapo, hata mtu akipata zile tarakimu za kwanza, anakwama kwa mlango wa pili. Ukiwa hapo, angalia pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta hujui, itoe. Mara nyingi utapata ni ile ya saiba uliyoprintia sivi mwaka jana, na bado inasoma meseji zako zote.

Na kama ni wewe umeombwa pesa na mtu unayemjua: mpigie. Si kuandika, kupiga. Usikie sauti. Kama ni marehemu wa mchango, uliza swali ambalo mtu wa nyumbani pekee anajua. Mtu wa kweli hatakasirika.

Saiba: ofisi ya serikali ya mtaani

Hapa Masimba, saiba ndio KRA, ndio HELB, ndio TSC, ndio eCitizen. Wazee kwa vijana wanaingia na bahasha, wanasema “nifanyie ile kitu,” wanatoka na karatasi. Vijana wa saiba wengi ni wasee poa wanaotafuta riziki. Lakini hata akiwa malaika, kompyuta yake inapita watu 50 kwa siku, na ukiacha mlango wazi hujui nani atafuata.

Kama wewe ni kastoma, shika hizi:

Barua pepe iwe yako kweli. Makosa makubwa yanaanzia hapa. Umefika kusajili kitu, huna Gmail, msee wa saiba anakutengenezea haraka haraka na anaweka namba yake ya simu. Miaka 2 baadaye unataka kuingia kwa akaunti yako ya HELB, paswadi umesahau, na namba ya kuirudisha inaenda kwa simu ya mtu aliyehamia Nairobi. Tengeneza barua pepe mwenyewe kwa simu yako, na namba yako.

Andika paswadi kwa mkono wako. Usimtajie kwa sauti, na usikubali iandikwe kwa ile kaunta buku yake. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi paswadi, kataa. Ukimaliza, toka kwa akaunti kabla ya kuinuka kwa kiti. Ukifika nyumbani, badilisha paswadi kwa simu yako.

Omba faili zako zifutwe. Kitambulisho ulichoskani kinabaki kwa kompyuta. Mwambie afute mbele yako, na atoe hata kwa pipa la takataka la kompyuta. Karatasi iliyoharibika, beba uende nayo.

Na kama wewe ndio mwenye saiba, elewa hii si heshima tu, ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa Novemba 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Data imeshaonyesha haichezi. Septemba 2023 ilipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Klabu moja ikapigwa 1,850,000 kwa picha ya mtu aliyekuwa anajivinjari. Kwa hivyo lile folda lako limejaa vitambulisho vya watu wa Masaba Kusini lisafishe kila jioni. Weka akaunti ya wageni tofauti na yako ya kazi. Na siku kastoma akijua kwako data yake ni salama, atarudi na atakuletea wengine.

Duka, agroveti, shule, chama: ofisi ndogo ina shida kubwa

Ofisi ndogo inadhani haiwezi kulengwa. “Sisi tunauza mbolea tu, nani atatushambulia?” Lakini mwizi hachagui ukubwa, anachagua uzembe.

Anza na malipo. Kastoma amebeba magunia 3, anakuonyesha skrini: “Nishatuma.” Ujumbe unakaa wa kweli, una namba ya muamala, una jina la duka. Usitazame simu yake, tazama yako. Kama pesa haijaonekana kwa till ama kwa salio lako, mzigo hautoki. Kama ni msongamano wa siku ya soko, mpe kiti, mpe maji, mngoje. Mwenye haki hataogopa kungoja. Na wewe ukiwa unatuma, jina likitokea kwa skrini kabla ya kuthibitisha, lisome. Usibonyeze kama roboti.

Halafu kuna ule mchezo wa kubadilisha akaunti. Ofisi ya shule inapata barua pepe inayosema ni msambazaji wa vitabu: “Tumebadilisha benki, lipeni kwa akaunti hii mpya.” Nembo ni ile ile, jina ni lile lile, kuna herufi moja tu imebadilika kwa anwani. Kanuni ya ofisi iwe moja: namba ya kulipia haibadiliki kwa ujumbe. Inabadilika baada ya mtu kupiga simu kwa namba ya zamani, na watu wawili kukubali. Chama pia hivyo hivyo. Mweka hazina peke yake asiwe na uwezo wa kutoa.

Paswadi ya ofisi. Najua iko kwa karatasi imebandikwa chini ya skrini, na ni jina la duka na mwaka. Kila mfanyakazi ana ile moja, hata yule mlimfuta kazi Krismasi. Mpe kila mtu akaunti yake, na siku mtu akiondoka, yake ifungwe siku hiyo hiyo. Paswadi nzuri si lazima iwe na alama za ajabu. Chukua maneno 4 au 5 yasiyohusiana, yaunganishe, uongeze neno la Ekegusii ambalo nyanya yako pekee alikuwa akitumia. Ni ndefu, utaikumbuka, na programu za kukisia paswadi zitatoka jasho. Ila usitumie moja kwa kila mahali. Ukiibiwa moja, usiibiwe zote.

Wi-Fi nayo: ile paswadi iliyokuja na rauta, ibadilishe. Wageni wapewe mtandao wao, na kompyuta ya hesabu iwe kwa mwingine.

Sasisha, hifadhi nakala, acha programu za wizi

Mei 2017 kirusi kinaitwa WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa kwa sababu kompyuta zilikuwa zimefungwa na skrini zinaitisha fidia. Sasa sikiliza hii: Microsoft walikuwa wametoa dawa ya huo upenyo tangu Machi 2017, miezi 2 kabla. Waliosasisha kompyuta walilala usingizi. Walioendelea kubonyeza “nikumbushe baadaye” ndio walilia.

Kwa hivyo kompyuta ikiomba kusasishwa, ikubalie, hata kama inakula bando. Fanya usiku. Na ujue Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025, kwa hivyo kama mashine ya ofisi bado iko hapo, panga kuhamia mpya. Zile programu za kuvunja leseni ambazo fundi anakuwekea na fleshi huwa zinakuomba kwanza uzime kinga ya virusi. Jiulize: mgeni akikuomba ufunge mbwa kabla aingie boma, yuko na nia gani?

Nakala nazo. Kumbuka hesabu ya 3-2-1: nakala 3 za kazi yako, kwa vifaa aina 2, na 1 iwe mbali na ofisi. Yaani kwa kompyuta, kwa diski ya nje, na kwa hifadhi ya mtandaoni. Diski isibaki imechomekwa muda wote, kwa sababu kirusi kikiingia kitaila pia. Na mara moja kwa mwezi fungua nakala uone inafunguka kweli. Moto, stima kupotea ghafla na kahawa iliyomwagika ni wezi pia.

Kumbuka pia: kuzimika si kuibiwa

Julai 2023 eCitizen ilikwama. Watu walikosa huduma, hata malipo ya simu yakayumba. Kundi linalojiita Anonymous Sudan lilijigamba ndilo lilifanya, na serikali ikakiri kuna shambulio. Hiyo ilikuwa kufurika. Ni kama watu 10,000 wajae mlangoni mwa ajenti mmoja wakiuliza bei bila kununua. Wewe mwenye shida ya kweli hufiki kaunta. Duka halijavunjwa, limezibwa tu.

Funzo ni mbili. Weka karatasi ya vitu muhimu na pesa taslimu kidogo nyumbani, kwa sababu siku mtandao utalala, maisha hayalali. Na siku kama hiyo ndio matapeli wanaamka: “Mfumo umeharibika, tupe PIN tukurekebishie.” Ukisikia hivyo, ujue ni nani.

Simu ikiibiwa kwa steji

Mwizi wa mfukoni siku hizi hataki simu peke yake. Anatoa kadi ya laini, anaiweka kwa simu yake, na namba zako za uthibitisho zinaingia. Hata ungekuwa na alama ya kidole kwa skrini, kadi haina kidole. Dawa: weka PIN ya kadi ya laini yenyewe, iko kwa mipangilio ya usalama ya simu. Kila mara kadi ikiwekwa kwa simu nyingine, inaitisha PIN. Lakini kuwa mwangalifu: ukikosea mara 3 itaitisha PUK, na ukikosea PUK mara 10 kadi inakufa kabisa. Tafuta PUK yako kwanza, uiandike.

Piga pia *#06# leo, uandike ile namba ndefu ya IMEI kwa karatasi uweke nyumbani. Polisi watakuuliza. Na arifa za ujumbe zisionekane skrini ikiwa imefungwa.

Ukishachezwa: saa ya kwanza

Aibu ndio rafiki mkubwa wa mwizi. Mtu anaibiwa saa 4 asubuhi, ananyamaza hadi jioni akiogopa kuchekwa, na pesa imeshatolewa mji mwingine. Usione haya. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Laini ikikufa ghafla na wenzako wana network, usizime na kuwasha simu kwa saa nzima. Omba simu ya jirani ya mtandao huo huo, piga 100, sema laini na M-Pesa zifungwe.
2. Pigia benki na SACCO wafunge huduma za simu.
3. Kama ulituma pesa mwenyewe, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja. Kama pesa bado haijatolewa, kuna nafasi.
4. Badilisha paswadi ya barua pepe kwanza, ndio zingine zifuate. Mwenye barua pepe ndio mwenye vyote.
5. Nenda kituo cha polisi, uandikishe, upate namba ya OB. Bila hiyo, benki na wengine watakuzungusha. Unaweza pia kupigia DCI bure kwa 0800 722 203.
6. Tangazia watu wako: “Msitume pesa kwa jina langu.”

Na sheria iko. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inampa mtu anayekuhadaa akutoe siri zako mtandaoni faini ya hadi shilingi 300,000 ama jela hadi miaka 3, ama zote. Kuingia kwa mfumo wa mtu bila ruhusa inafika hadi milioni 5. Lakini sheria inahitaji ushahidi, kwa hivyo usifute ujumbe wala namba.

Onyo la mwisho hapa: baada ya kuibiwa, atatokea mtu akisema anaweza kukurudishia pesa ukimlipa kidogo. Huyo ni mwizi wa pili, amesoma kilio chako kwa mitandao. Usimlishe.

Kazi ya leo jioni

Chakula kikiisha, kabla ya kila mtu kuenda kulala, chukua simu ya mathee na ya buda. Dakika 15 tu. *100*100#. *106#. ##002#. PIN mpya isiyo ya mwaka wa kuzaliwa. WhatsApp hatua mbili. Halafu mkubaliane neno moja la familia, la siri, ambalo yeyote akipiga na namba geni akisema ana shida lazima alitaje. Hakuna neno, hakuna pesa.

Usimfokee mathee akisahau. Yeye ndiye alikuvumilia ukijifunza kufunga viatu. Mwambie tu hivi, na arudie hadi aizoee: “Mtu akinipigia akiniharakisha, nakata simu, namuuliza mtoto wangu.”

Hiyo sentensi moja ni kufuli kuliko programu yoyote utakayonunua. Mabati ya mathee itafika kwa paa.